Rangi Mia Mbili Hamsini na Sita

...na ikiwa ni kadi ya picha inayodanganya basi shida ni ndogo, Nzisa aliwaza, mtu hununua ama huacha, lakini kama haidanganyi, kama ni ile kompyuta kubwa ya ofisini iliyodanganya, ama macho yake mwenyewe... akasogeza uso karibu zaidi na laptop ile kuukuu iliyowekwa juu ya kitambaa cha meza hapo sebuleni kwao Makongeni, akakitazama tena kile kinyago kwenye skrini, kichwa cha mwanamke mwenye shingo ndefu, kazi ya mikono ya baba yake, cheusi tititi kuanzia utosini hadi kifuani, weusi wa mpingo, hakina hata alama, na jana ofisini, picha ile ile, disketi ile ile, palikuwa na doa chini ya kidevu, dogo kama punje ya harage, rangi ya chai ya maziwa, aliliona, au alidhani ameliona, na leo halipo.

"Siste, mbona unaisongea hivyo, unataka kuibusu?" alisema Ndung'u, fundi wa kompyuta aliyeileta kutoka Buru Buru ikiwa imefungwa ndani ya taulo, na baba akacheka, kile kicheko chake cha kumfurahisha mgeni, lakini Nzisa hakucheka, alikuwa anarudia kusoma yale maandishi madogo ya kompyuta, rangi mia mbili hamsini na sita, basi, hapo ndipo mwisho wake, kumbukumbu ya picha nusu megabaiti, mashine ya mwaka wa tisini na nne na huu ni tisini na tisa, siku hizi hata makarani wana skrini za mamilioni ya rangi, "Kadi si kitu, utaongeza baadaye," Ndung'u alikuwa amesema alipoingia, kabla hata ya chai, na huo ulikuwa uongo, au pengine hakujua, kompyuta ya mezani unafungua skrubu, unachomoa kadi, unachomeka nyingine, lakini hii imechomelewa kwenye ubao wenyewe, ulivyoinunua ndivyo utakavyozeeka nayo, na je, inafaa bado, kitu ambacho hakiwezi kuwa bora kuliko kilivyo leo, hilo ndilo swali, hilo tu, mbona linamshinda... alisoma jiografia chuoni, alichora ramani mpaka vidole vikauma, kwenye ramani kahawia mbili ni vilima viwili, ukizichanganya umempeleka mtu kwenye korongo, na mashine hii inazichanganya, ikikosa rangi huchukua iliyo jirani, ikaona chai ya maziwa katikati ya weusi ikasema nani atajua, ikapaka nyeusi.

Au doa halikuwepo. Labda ni mwanga, picha ilipigwa nje karibu na kamba ya nguo, labda shuka ya mama ilimulika pale kidevuni, labda kioo cha mashine ya kunakilia ya ofisini, aliyoingizia picha kwenye kompyuta, kilikuwa na alama ya kidole, angekifuta kwanza, kwa nini hakukifuta, yeye ambaye hufuta kila kitu mara mbili... "Mzee, hawa watu wa campo," Ndung'u alikuwa anamwambia baba, "kitu cha kununua lazima wakifanyie mtihani kwanza," na baba akajibu, "Mwache, mwaitu hupenda uhakika," mwaitu, mama yangu, ndivyo anavyomwita tangu utotoni kwa sababu amebeba jina la mama mzazi wa baba, na mtu humwulizaje maswali ya polisi baba anayemwita mama... "Lakini si unaona," baba akaongeza, akinyoosha kidole kwenye skrini, "mpingo ni mpingo."

Ni mpingo, basi. Amesema. Baba yake, Muthama mwana wa Nzau, mwenyekiti wa kikundi cha wachongaji, ambaye hakuwa na mshahara tangu wapunguzwe kazi kwenye karakana ya reli, ambaye kila Jumapili baada ya ibada alikuwa akiwacheka wale wa mjini wanaopaka mti mweupe rangi ya viatu na kuwauzia watalii, hao si wachongaji, alikuwa akisema, hao ni wapiga viatu brashi, na watu wote pale nje ya kanisa walikuwa wakicheka mpaka wanashikana mabega, lini alisema hivyo mara ya mwisho, mwaka huu hajasema, mwaka jana pia... na Mjerumani mmoja, mnunuzi wa vinyago, anataka picha kwenye disketi, akizipenda ataagiza kontena, na kikundi kizima kitapata kazi, na chini ya kila picha Nzisa ndiye atakayeandika maelezo, baba ameshamwambia maneno, mpingo halisi, maneno mawili, na kikundi kimemwamini Nzisa achague mashine, kwa sababu amesoma, na mashine hii ina betri, stima ikikatwa ataendelea kuandika, hiyo ni sifa kubwa mwaka huu wa mgao wa stima, betri ni nzuri, mbona asiseme tu betri ni nzuri wakamalizana... ukitoka kazini pitia dukani, mama alimwambia Ijumaa, rangi ya viatu imeisha tena, ile nyeusi, na alinunua, bila kufikiri, akaiweka nyuma ya jiko, sasa nani katika nyumba hii huvaa viatu vyeusi, baba anavaa akala za matairi tangu apunguzwe kazi, viatu vya mama ni vya kahawia, vyake mwenyewe ni ndara, imeisha tena, tena, neno lenyewe lilipita kama upepo na sasa limerudi kuketi mezani pamoja nao.

"Siste, battery inakula tu hapo, tunaichukua ama naifunga?"

"Dakika moja," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyotaka, na akajua kwa ghafla kwamba alikuwa anataka kuinunua, alikuwa anaitaka tangu kinyago kilipotokea cheusi chote, alikuwa anaitafutia sababu, betri, stima, wepesi wake, kwa sababu kwenye hii baba yake hana doa... lakini kadi haifuti kitu, hilo alilijua, mtu yeyote aliyeshika kompyuta analijua, picha ndani ya disketi ni ile ile, rangi zote zimo, kadi inashindwa tu kuzionyesha, na Mjerumani atakapoifungua kwake, kwa mashine yake mpya, doa litatoka wazi chini ya kidevu, ni wao tu, hapa sebuleni, ambao hawataliona.

"Sema basi, mwaitu," baba alisema, taratibu, naye Nzisa akainua macho, akakuta baba haangalii skrini, anamwangalia yeye, na pengine alikuwa anamwangalia hivyo muda wote, anavyotazamwa daktari anaposhika karatasi, na tabasamu lilikuwa bado lipo ila macho hayakuwa ndani yake, na Ndung'u alikuwa bado anangoja, na jibu la kumpa Ndung'u lilikuwa rahisi kuliko alivyodhani, inafaa, kwa barua na maagizo inafaa kabisa, tutaichukua, lakini huyu mwingine anangoja jibu gani, na atalianzaje mbele ya mgeni, akajaribu maneno kimoyomoyo, kichwa cha mwanamke, mti mweupe, kimepakwa rangi, kimechongwa na Muthama, Makongeni, akayasoma tena, hayakuwa mabaya, Mjerumani angeweza kuyapenda, angeweza pia kuyatupa na kontena lake, hakujua, ila yalikuwa maneno ambayo angeweza kuyaandika, na baba yake, akiwa bado anatabasamu, akamsukumia kikombe cha chai karibu, kana kwamba alikuwa amemsikia...