Kipaza Sauti cha Bi Tensi

Sauti ilimkatikia katikati ya sentensi, mbele ya darasa la wanafunzi sabini na kitu, akiwa ameandika ubaoni mfano ule ule aliouandika kila mwaka tangu aanze kazi. Alifungua mdomo aseme "rudieni wote," kikatoka kitu kama mlango mkavu unaosukumwa. Akajaribu tena. Safari hii hakikutoka chochote. Wanafunzi walidhani ni mzaha, wakacheka. Walipomwona ameshika koo na macho yamemtoka, wakanyamaza.

Mbele yake walimwita Madamu. Nyuma yake alikuwa Bi Tensi, na jina hilo alilipata kwa halali. Kiingereza kwake kilikuwa nyakati za vitenzi: jana, leo, kesho, darasa zima likiimba kwa pamoja mpaka vioo vya madirisha vitetemeke. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, bega moja limeshuka kwa kubeba mkoba wa madaftari. Mumewe alikwishafariki, watoto walikuwa na miji yao, naye aliishi na mdogo wake, fundi cherehani mwenye ulimi usiojua likizo.

Daktari alimchungulia kooni, akatikisa kichwa. "Mwalimu, umeota sugu kwenye nyuzi za sauti. Usiseme neno mpaka nikuone tena. Na usinong'one pia, kunong'ona kunaziumiza zaidi. Ukipona utazungumza, lakini kupaza sauti, ndiyo basi tena."

Nyumbani, mdogo wake alisoma habari hizo kwenye cheti cha daktari, sindano zikiwa mdomoni, kisha akazitoa moja moja apate nafasi ya kusema. "Mimi nimeimba wimbo huu mpaka nimechoka. Dada, staafu. Unarudi hapa kila jioni kama nguo iliyokamuliwa. Unamfundisha nani? Watoto wenyewe wakitoka getini hawasemi hata neno moja la hicho Kiingereza chako."

Bi Tensi hakuwa na sauti ya kubisha. Jambo lililomuuma ni kwamba hata kama angekuwa nayo, asingejua aseme nini.

Mkuu wa shule hakutaka kumpa likizo ndefu, maana walimu walikuwa wachache. Aligawa vipindi vyake kwa wengine, akamwambia, "Wewe nitakupa klabu ya Kiingereza mchana. Ni kazi ya kukaa tu." Kweli ilikuwa ya kukaa tu. Klabu yenyewe ilikuwa kijiwe cha waliokwepa kufyeka nyasi. Yeye mwenyewe siku zote aliona klabu, midahalo na maigizo ni sukari ya kupozea watoto; chakula chenyewe kilikuwa sarufi.

Siku ya kwanza aliketi kwenye kiti cha mbele, mgongo unamuuma, akawatazama. Nao wakamtazama. Kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Mwishowe alisimama kijana mmoja mnene aliyeitwa Redio, kwa sababu mdomo wake haukuwa na swichi ya kuuzima.

"Madamu, tufanye nini?"

Akainua mabega. Hata yeye hakujua.

Uwanjani kulikuwa na mechi ya madarasa. Kelele zilipopanda, Redio alisogea dirishani, akakunja mkono kama ameshika kipaza sauti, akaanza kutangaza kwa Kiswahili, kwa mbwembwe, akitia chumvi kila pasi. Wenzake wakavunjika mbavu. Bi Tensi, kwa kukereka zaidi kuliko kwa busara, aligonga ubao kwa kifutio, akaonyesha neno kubwa lililoandikwa pale tangu asubuhi: ENGLISH.

Redio akageukia tena uwanja. Akaanza. Namba saba ana mpira. Namba saba anakwenda. Namba saba... Hapo Kiingereza kikamwishia kama maji bombani. Namba saba alikuwa amepiga, mpira umepita juu ya mwamba, na mtangazaji amekwama, mdomo wazi.

"Missed," sauti ikasema kutoka nyuma. "He missed."

Wote waligeuka. Alikuwa msichana mwembamba waliyemwita Sindano. Bi Tensi alimfundisha miaka miwili na hakukumbuka kumsikia akijibu swali hata moja. Kwa jinsi alivyoinama haraka, ungedhani ametukana.

Wiki iliyofuata walihamia uwanjani. Mwalimu wa michezo aliwaazima kipaza sauti cha mkononi, kile cha kuitia wakimbiaji, chenye betri za kubembeleza. Bi Tensi aliwekewa kiti chini ya ukuta wa stoo, penye kivuli chembamba, na rundo la vipande vya maboksi na kalamu nene. Mtangazaji akikwama, mmoja alimkimbilia, akauliza kwa Kiswahili, naye akaandika neno na kuliinua juu. Kumpiga mtu chenga. Kuotea. Mpira umegonga mwamba. Mengine hata yeye hakuyajua. Alirudi nayo nyumbani, akakesha na kamusi, akikasirika kwamba ana umri ule na shahada ukutani lakini hawezi kusema kwa Kiingereza kwamba golikipa ametema mpira.

Siku moja Sindano alichuchumaa pembeni ya kiti chake.

"Madamu, alikuwa anakimbia, sawa? Sasa kabla hajafika, akiwa bado anakimbia, ndiyo akakatwa mtama. Nisemeje yote mawili kwa pamoja?"

Bi Tensi alimtazama. Hilo ndilo somo lililokuwa ubaoni siku sauti ilipokatika. Darasa lile lile lililiimba mara zisizo na idadi, na mtoto huyu aliliimba pamoja nalo. Akaandika polepole: *He was running when they tripped him.*

Sindano akasoma, midomo ikicheza. "Kumbe ndiyo hii?" akasema, kama mtu aliyeambiwa kuwa jirani anayemsalimia kila asubuhi ni shangazi yake. Akachukua boksi, akakimbia. Kitambo kidogo kipaza sauti kikakoroma, na sentensi ikatoka nzima, ikapita juu ya uwanja.

Ungetegemea mwalimu afurahi. Alichosikia ni uchovu wa aina mpya, mzito, uliomkalia magotini. Aliwaza chaki yote ile, na madaftari aliyosahihisha mpaka macho yakapiga ukungu, na watoto waliopita mikononi mwake wakiimba wasichokihitaji. Jioni hiyo alikwenda kulala bila kula. Mdogo wake alimwacha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Balaa liliingia siku ya mechi na shule jirani. Watu walijaa, wageni walikuja na walimu wao, na Redio akavimba kichwa. Golikipa wa wageni alipopitisha bao la pili, Redio alitaka kusema kwamba ni tenga, linapitisha kila kitu. Kiingereza chake kikamletea kapu.

"The goalkeeper is a basket!" alinguruma. "A basket with two legs!"

Wenyeji wakalipuka kwa kicheko. Wageni hawakucheka. Jiwe likarushwa, halafu la pili, wachezaji wakashikana mashati, na mwalimu wa wageni, mzee mwenye kofia, akavuka uwanja moja kwa moja hadi kwa Bi Tensi.

"Ndiyo mnayowafundisha haya? Matusi kwa Kiingereza?"

Yeye, kooni patupu, alisimama na boksi mkononi.

Kesho yake palikuwa na kikao cha walimu. Mwalimu wa taaluma, mtu wa matokeo na chati, alikuwa ameshajiandaa.

"Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema. "Kidato cha nne wana mtihani mlangoni. Badala ya kurudia maswali, wanapiga kelele uwanjani kwa Kiingereza kibovu. Nimesikiliza mimi mwenyewe. Kila sentensi ina kosa. Tunaharibu hata kile kidogo walichokuwa nacho. Muda ule nipewe mimi wa masomo ya ziada, na kile kipaza sauti kifungiwe."

"Naona hoja ina uzito," alisema Mkuu, akijikuna kidevu. "Kuna mwenye neno?"

Kila mtu alitaka kwenda nyumbani. Bi Tensi aliinuka. Daktari alikuwa amemruhusu maneno machache kwa siku, tena ya upole, na siku nzima alikuwa ameyatunza kama mtu anayetunza maji ya kunywa.

"Kibovu," alisema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama ufagio kwenye saruji, watu wakakunja nyuso kwa kumhurumia. "Ni kibovu, kweli. Lakini ni chao. Mimi kwangu hawakukosea, kwa sababu hawakusema. Nilisema mimi."

"Madamu, usijiumize," Mkuu alimkatiza.

"Ngoja." Akapumua. "Yule msichana mwembamba wa nyuma. Kuna aliyewahi kumsikia?"

Wawili watatu walitikisa vichwa.

"Juzi amebishana na mimi. Kwa Kiingereza. Alisema nimekosea, ilikuwa kona, si mpira wa goli." Alishika koo. "Na alikuwa sahihi."

Mtu mmoja alicheka kidogo, kisha wengine. Mwalimu wa taaluma hakucheka, ila aliinama akachezea kalamu. "Na yale matusi?" aliuliza, safari hii kwa sauti ya chini.

"Wataomba radhi. Wenyewe."

Akaketi. Aliyatumia yote. Kwa siku tatu zilizofuata hakuweza hata kukohoa bila machozi, na daktari alimgombeza kama mtoto.

Mkuu aliamua kama waamuavyo wakuu: kila upande upate nusu. Klabu ilibaki na Ijumaa, siku nyingine alipewa mwalimu wa taaluma, na kipaza sauti kisiguswe mpaka wageni watakapoombwa radhi kwa maandishi.

Watoto walidhani barua ni jambo la robo saa. Barua nyingi walikwisha kuandika katika maisha yao, zote kwa watu wasiokuwepo: mjomba wa kubuni, meneja wa kampuni ya kubuni. Hii ingesomwa na golikipa mwenye jina na hasira. Walikaa juu yake alasiri mbili nzima, wakararua karatasi, wakagombana.

"Ukiandika 'samahani kama umekasirika,' hiyo siyo samahani," Sindano alimwambia Redio. "Unamwambia kosa ni lake kukasirika."

"Sasa niandike nini?"

"Andika ulichofanya."

"Nataka kusema kama ningejua ataumia, nisingesema. Hiyo inakwendaje?"

Wote wakamgeukia Bi Tensi. Ilikuwa sentensi ya masharti, ile ngumu kuliko zote, ambayo kila mwaka iliwaangusha wengi. Aliinua kalamu, kisha akaiweka chini, akawaashiria waitafute. Waliipata, kwa shida, baada ya kuikosa kwa njia nyingi. Redio aliinakili kwa mwandiko safi, jasho likimtoka, akatia sahihi yake mwenyewe chini.

Jibu lilikuja baada ya muda, limeandikwa na golikipa. Lilikuwa na makosa pia, Bi Tensi aliyaona yote na kalamu nyekundu ilimwasha vidole, lakini aliiacha mfukoni. Golikipa alisema amesamehe. Alisema pia kwamba shuleni kwao wamempa jina la Kapu na sasa halitoki. Mwisho akawaalika kwa marudiano: waje na watangazaji wao, na wenyeji watakuwa na wa kwao, waone nani mwenye mdomo.

Matokeo ya jaribio la Kiingereza yalitoka kabla ya marudiano. Hayakuwa muujiza. Kwenye sarufi wanaklabu walipanda kidogo, wawili walishuka. Ila mwalimu wa taaluma alimjia Bi Tensi chumba cha walimu, akamwekea mbele insha chache, zote za watu wa Ijumaa.

"Zamani walikuwa wanaandika mistari minne wanakwama," alisema. "Hawa wamejaza kurasa. Makosa chungu nzima, lakini wamejaza." Akainua moja. "Yule msichana ameandika habari ya kikao chetu. Sijui nani amemwambia."

Bi Tensi alitikisa kichwa kuonyesha hajui. Alikuwa anajua: yeye mwenyewe alimwandikia kwenye boksi.

Siku ya marudiano alikwenda, ingawa mdogo wake alimwambia akae nyumbani alale. Timu yao ilifungwa. Watangazaji wa pande mbili walibishana mechi nzima kwa vipaza sauti viwili, wakakatizana, wakasahihishana, kila bao likasimuliwa mara mbili kwa namna mbili zisizofanana. Mwalimu mzee mwenye kofia alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Unaelewa chochote wanachosema?" alimuuliza.

"Nusu," alijibu Bi Tensi.

"Mimi robo," alisema mzee, akafumba macho. "Lakini hawajaacha kusema tangu tuanze." Kabla ya kipindi cha pili alikuwa amesinzia, kofia puani.

Bi Tensi alirudi nyumbani miguu imevimba. Mdogo wake alisimamisha cherehani.

"Enhe. Umeamua?"

"Nimemwomba Mkuu vipindi nusu. Na Ijumaa."

"Dada, hiyo siyo kustaafu."

"Siyo."

Fundi alifungua mdomo aanze, kisha akaona jinsi dada yake alivyojiegemeza mlangoni na viatu mkononi, akaufunga. Alimsogezea kiti. Bi Tensi aliketi, akasema atapumzika kidogo tu halafu amsaidie kupika, na kabla hajamaliza kusema alikuwa ameshalala.