Mistari Saba Mitupu

Wolfin alijikuna nyuma ya sikio kama mbwa mwenye viroboto, nami nikajua anataka kitabu gani. Katika chumba cha kunakilia vitabu, kwetu kama katika monasteri nyingine, ilikuwa marufuku kusema, na aliyetaka kitabu cha wapagani wa kale alijikuna hivyo. Lakini sasa Wolfin alikuwa katika nyumba ya wagonjwa, siku ya tisa ya homa, meno yakimgongana.

"Nisomee ile mishororo ya homa," alisema.

"Ya nini? Si wewe uliyeicheka?"

"Niliicheka nikiwa mzima. Soma, ndugu yangu, nicheke tena."

Nilishindwa kumtazama. Wakati wa Kwaresima tuliazima utenzi wa kale wa dawa kutoka monasteri ya ng'ambo ya ziwa. Wolfin alipiga mistari kwenye ngozi ya kuandikia, mimi nikaandika. Nilipofika kwenye homa, pale mgonjwa anapoambiwa avae shingoni neno lisilo na maana, Baba Abati, mkuu wa monasteri yetu, alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Ruka hapo," alininong'oneza. "Huo ni uchawi."

Niliruka, ila nikaacha mistari saba mitupu. Nilijiambia nitaijaza Abati akisafiri. Alisafiri mara mbili, na mara zote mbili niliogopa. Kisha kitabu kikarudishwa kwa wenyewe.

"Haimo katika nakala yetu," nilimwambia Wolfin. "Niliiruka."

"Hata mmoja huukumbuki?"

"Hata mmoja."

"Basi nisomee ya kikohozi."

Nikamsomea ya kikohozi. Hakucheka. Tulimzika siku ya tatu yake. Sikuamini hata kidogo kwamba maneno yale yangemponya, lakini aliniomba kitu kimoja tu nami sikuwa nacho. Tangu hapo nimeishi kati ya ndugu sitini bila mtu wa kucheka naye.

Miaka ishirini na sita baadaye nilitumwa monasteri moja ya mbali, kusini mwa milima. Ndugu Hatto, mtunza vitabu wao, alinionyesha utenzi uleule, kwa mwandiko mpya wa kupendeza. Nikafungua penye homa. Mistari saba ilikuwa imepigwa vizuri, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Hatujui palikuwa na nini," alisema Hatto. "Tuliacha kama tulivyokuta kwenye nakala tuliyoazima. Nakala tatu zimeshatoka hapa kwetu, zote ziko hivyo."

Nilitaka kumweleza, mkono ukatangulia. Nikajikuna nyuma ya sikio.

Hatto alinitazama kwa mshangao, maana kitabu nilikuwa nimekishika tayari.