Ndala ya Kulia

Usiku wa jana niliota nimeitwa ofisi ya bima kusikiliza shauri la marehemu mke wangu, Tusekile. Ofisi ilikuwa ndani ya kabati langu la vyombo. Nikainama nikaingia, wala sikushangaa. Ofisi za wakubwa siku zote unaingia umeinama.

Kuna viti vitatu. Kwenye cha kwanza amebandikwa Stika, ile karatasi ya bima inayokaa kwenye kioo cha gari. Amevaa tai. Cha pili ni cha mwenye lori lililomuua, lakini afande trafiki aliyepima ajali ndiye aliyekikalia, anatafuna hindi la kuchoma. Kwenye cha tatu kuna gunia la viazi.

"Karibu mzee," anasema Stika. "Lile lori lilikatiwa bima ndogo. Bima ndogo inamlipa mtu wa tatu tu. Hesabu viti."

Nahesabu. "Wa tatu ni gunia."

"Ndiye mkeo."

Nikamwambia mke wangu alikuwa mtu. Alikuwa amesimama sokoni Uyole, kando ya mizani ya viazi, lori likarudi nyuma likamkanyaga.

Stika anafungua jalada. "Maelezo ya polisi yanasema alidandia. Aliye chini akigongwa ni mtu wa tatu. Aliyedandia lori la mizigo ni mzigo. Mzigo haudai."

Gunia linakohoa vumbi.

"Afande," nasema, "ulimwona akidandia?"

"Mzee wangu, mimi nilifika saa tatu baadaye. Dereva ndiye aliyeona."

"Dereva alikuwa mbele! Ameua nyuma!"

"Ndiyo maana tukaandika maelezo. Bila maelezo ingebidi mtu ainame aangalie chini ya gari, na mgongo wangu huu mbovu."

Nikasikia kitu kinachanika. Kona moja ya Stika imebanduka kitini.

"Usijali," anasema. "Muda wangu unaisha leo. Zikibanduka zote nne, shauri limekufa, na mkeo anabaki gunia."

Nikatoa kwenye mfuko wa rambo ndala yake ya kushoto, hiyo moja tu niliyorudishiwa hospitali. Nikaiweka mezani.

"Nilikuwa chini, kwenye matope," inasema Ndala. "Na mwenzangu alikuwa chini."

"Mwenzako yuko wapi?" Kona ya pili inabanduka. "Mguu mmoja chini, mmoja juu, ndivyo watu wanavyodandia. Nileteeni wa kulia."

Miezi kumi na minne natafuta ndala hiyo. Nimeuliza kituoni, nimeuliza gereji, wote wananiambia mzee nenda kapumzike. Kama vile aliyekufa ni mbuzi tu.

Nageuka nitoke, kabati halipo. Niko Uyole, mvua inanyesha, na lori linarudi nyuma polepole kunifuata. Stika na afande wako juu kwenye bodi, pamoja na viti vyao. Natambaa mpaka kwenye tairi la nyuma. Juu huko nasikia kona ya tatu inachanika.

"Nani huyo?" inauliza sauti chini ya tairi. Ni ya Tusekile kabisa, ile ya asubuhi akiwa na haraka zake.

"Ni mimi."

"Baba Ipyana, umechelewa. Niko palepale. Hakuna aliyeinama."

Nachimba kwa kucha. Tairi linanigusa bega. Naivuta: ndala ya kulia, ya bluu, kamba imekatika. Nikasimama tu, nikawa nimesharudi kabatini.

Ndala ya kulia inapanda juu ya jalada. "Nilikuwa chini," inasema. Halafu inasoma ukurasa wote. "Na hii sahihi hapa chini ya neno alidandia, ni ya nani?"

Afande anaacha kutafuna. Ananinyooshea gunzi.

"Ni yangu," nasema. "Waliniambia nisaini ndipo nipewe mwili. Hawakunisomea."

"Na wewe hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Miaka thelathini naishi na mtu wa kusaini kwanza." Haikusema kwa hasira. Ilisema vile Tusekile alivyosema siku niliposaini kuingia kwaya, nikidhani ile ni foleni ya mbolea.

"Shahidi aweke sahihi, haraka!" anapiga kelele Stika. Kona ya nne imeshikilia kidogo sana.

"Sina kidole," inasema Ndala. "Nipake wino, baba."

Naipaka wino wa zambarau, mwingine unamwagika. Ndala inaruka. Inatua kwa ncha juu ya neno alidandia, kwa uzito wote wa Tusekile. Papo hapo Stika akadondoka sakafuni. Nikageuka haraka nione nani amekaa kwenye kiti cha tatu.

Nikaamka.

Kumekucha. Shauri lenyewe ni leo saa nne. Nikavuta nakala ya maelezo chini ya godoro, niiweke kwenye rambo pamoja na ndala ya kushoto. Neno alidandia halisomeki. Juu yake kuna alama ya ncha ya soli, ya zambarau, bado mbichi.

Nikailinganisha na ndala niliyo nayo. Haikukaa. Hiyo alama imepinda upande wa pili, kama mguu wa kulia.

Nikakaa kitandani kusubiri wino ukauke. Na safari hii nikaanza kuyasoma yale maelezo, neno kwa neno, kuanzia juu.