Mjeledi Juu ya Pisba

Sisi watu wa nyanda za Casanare tunajua kupigana juu ya farasi tu. Mteremshe mtu wetu chini, atakwambia miguu inamuuma. Basi wakubwa wa jeshi letu la uhuru wakaamua tukawashtukize Wahispania, waliokuwa wakitutawala, kwa kuvuka mlima wa Pisba katikati ya mvua, kwa njia ambayo mbuzi mwenyewe angesita. Nani alituuliza? Tulipanda na nguo za kwetu kwenye joto, yaani karibu uchi, na kabla hatujafika juu farasi karibu wote walikuwa wamekufa.

Mume wangu, Candelario, niliyemfuata vitani kama wake wengine wa askari, alijitwika tandiko la farasi wake.

"Litupe," nikamwambia.

"Bibiana, mwanamume bila tandiko ni nani?"

"Ni mwanamume mwenye shingo nzima."

Hakucheka. Candelario alizaliwa mtumwa katika shamba la kakao, na mgongo wake ulikuwa makovu matupu. Alitoroka akaja kwetu nyandani, ambako mjeledi ni wa ng'ombe, na siku aliponioa aliapa mbele ya kaka zangu kwamba atakayemgusa tena kwa mjeledi, awe nani, huyo ni adui yake mpaka kaburini. Nilimpenda zaidi kwa kiapo hicho. Kwake yeye uhuru ulikuwa huo, mengine yalikuwa maneno ya wakubwa.

Kwetu mtu akinyeshewa hujikunja chini ya ngozi ya ng'ombe, akalala mpaka jua lirudi. Ndivyo watu wetu walivyofanya kule juu, kwenye upepo wa barafu. Wakajikunja, wakalala, wakafa wakitabasamu. Sajenti Toribio, mzaliwa wa milimani, alikuwa na dawa moja tu. Alipita akiwachapa mjeledi waliokaa, nao wakainuka wakimtukana mama yake.

Candelario naye akaweka tandiko chini, akaliegemea.

"Napumzika kidogo."

"Inuka, baba. Ukikaa hapa umekwisha."

"Kidogo tu, nimesema!"

Toribio akafika. Candelario hakuweza hata kufumbua macho vizuri, lakini kisu alikitoa. "Niguse uone."

"Shemeji, mimi nina watoto," Toribio akaniambia, akanitia mjeledi mkononi. "Mume ni wako. Mpige mwenyewe, au mwache hapa na wenzake."

Nilimvuta. Nilimng'ata sikio. Nilimtukania ukoo mzima. Midomo yake ikaanza kutabasamu, na hapo nikampiga. Nilimpiga juu ya makovu yale yale, mbele ya wenzake wote, huku nalia, mpaka akainuka. Aliinuka ili aniue. Nikakimbia kuteremka, yeye nyuma na kisu chake, akianguka na kuinuka, na hivyo ndivyo mume wangu alivyovuka Pisba.

Bondeni wanavijiji walitupa mablanketi, viazi na farasi. Candelario alilala kwenye moto wa watu wengine. Nilimpelekea supu, ikarudi imepoa, haijaguswa. Husemwa tenda wema uende zako. Niende wapi, na kwetu ni ng'ambo ya mlima ule ule?

Kisha wakapigana kwenye daraja la Boyacá. Wahispania wakavunjika, mji mkuu ukaachwa wazi, kengele za makanisa zikalia kutwa. Wanasema siku ile ndiyo iliyotupa nchi. Vizuri, hongera kwao.

Siku ya gwaride nilisimama barabarani na wanawake wenzangu wa jeshi, miguu imepasuka. Candelario akapita juu ya farasi mwekundu, amenyooka, ananawiri, watu wanamtupia maua. Mwenzake mmoja akaniona.

"We Candelario, yule si mkeo?"

Hakugeuza hata shingo. "Mke wangu alinifia Pisba."

Wakapita. Mama mmoja kando yangu akaniuliza kama namfahamu yule askari mzuri. Nikamwambia simfahamu. Ningerudishwa mlimani leo ningempiga tena, na ningempiga mpaka ainuke. Ila safari hiyo nisingelia.