Mwisho Aliousoma Baba

Filamu ikitengenezwa kutokana na riwaya ninayoipenda, siikosi, hata nikiitukana mwanzo hadi mwisho. Ya jana ilitoka kwenye kitabu alichonisomea marehemu baba hapa Kamuli, tukichambua kahawa, akikigeuza Kinyambo kwa sababu nilikuwa sijajua Kiswahili. Alivyosoma baba, mama wa binti anayesimuliwa humo aliugua sana, akapona, akarudi nyumbani.

Kwenye televisheni akafa.

“Waongo nyie!” nikafoka, nikakitoa kitabu kabatini ili niwaumbue.

Hata humo alikufa. Nikausoma ukurasa ule mara tatu. Ndipo nikakumbuka kwamba msimu ule wa kahawa tulikuwa tumetoka kumzika mama yangu, hapo mgombani.

Nikazima televisheni. Nautaka ule mwisho wa baba.