Dakika Kumi na Moja za Rutayisire

Cercle ya Saa ya Kamembe, chama cha wapenda saa, ina watu saba na saa tisa, na hakuna hata mmoja anayefika kwa wakati. Hukutana Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya misa ya pili, kwenye buvette moja ya bia na nyama choma inayotazama ziwa. Mkutano ni saa tano. Huanza saa sita na robo, mwenyekiti Hategekimana anapoingia na saa mbili, moja kila mkono, akiuliza kwa nini hawajaanza.

Vénuste, fundi wa saa, ndiye mwanachama asiyevaa saa yoyote. Akiulizwa husema anaziona za kutosha kazini.

Zamani kulikuwa na mmoja aliyefika mapema, naye ni marehemu Rutayisire. Alikuwa déclarant wa forodha, mjaza karatasi za mizigo ya watu, pale mpakani, Rusizi ya Kwanza, na saa yake ilikuwa ya Uswisi, ya kujijaza yenyewe mkono unapotikisika. Jina la saa hiyo kila mtu alilijua, ndiyo maana hakuna aliyelitaja. Jioni moja barrière ya mpaka ilifungwa dakika kumi kabla ya wakati, yeye akiwa upande wa Bukavu, na usiku huo akalala juu ya magunia ya maharage ya watu. Asubuhi aliisogeza saa yake mbele dakika kumi, akaongeza moja ya hasira, na tangu siku hiyo aliirekebisha ibaki hapohapo mpaka anakufa.

Siku chache baada ya mazishi, mjane wake alifika kwenye meza ya Vénuste sokoni. Anaitwa Nsimire, mzaliwa wa Bukavu, muuza vitenge, mama asiyepunguza bei wala kupandisha sauti. Aliivua ile saa mkononi mwake mwenyewe. Alikuwa anaivaa mchana na usiku ili isisimame.

"Papa Vénuste, osha mukanda tu," alisema. "Remontoir usiiguse. Ile majira ni yake, aliiwekaka na mukono yake."

Remontoir ni kile kidude cha pembeni cha kurekebishia mishale.

"Sitaigusa, Maman."

"Apa."

Vénuste akaapa. Ni mtu wa kushika neno, na neno hilo alilishika mwezi mzima.

Mwezi wa pili Nsimire aliporudi, Vénuste alitazama na kuona saa iko mbele dakika tisa. Hakushangaa. Saa ya namna hiyo, hata ikitoka Uswisi na baraka zake zote, hupoteza sekunde nne hivi kwa siku. Kilichomkaba ni hesabu ya mbele. Kwa mwendo huo, baada ya nusu mwaka Rutayisire angekuwa na majira sawa na watu wote, kisha angeanza kuchelewa. Rutayisire, kuchelewa. Vénuste aliufikiria uso wa rafiki yake, akampa Nsimire mgongo kana kwamba anatafuta mswaki wa kusugulia mkanda, akaivuta remontoir na kurudisha zile dakika mbili.

Baada ya hapo ikawa kazi ya kila mwezi. Nsimire alikuja Jumamosi, siku moja kabla ya Cercle, akaketi kwenye kigoda, na Vénuste akasugua mkanda muda mrefu kuliko mkanda wowote unavyohitaji. Alikuwa na aibu, kwa sababu alikuwa amevunja kiapo alichompa mjane. Pia alikuwa na furaha, na furaha hiyo ilimwongezea aibu. Mwezi wa nne tu Nsimire hakuja. Mwezi huo wote Vénuste alikula bila kusikia chumvi. Mwezi wa tano alipotokea hakueleza kitu, naye hakuthubutu kuuliza.

Kwenye Cercle walimpa Nsimire kiti cha mumewe. Walisema ni kwa heshima ya marehemu. Ukweli ni kwamba bila yeye wangeikosa ile saa, na bila ile saa wangekuwa watu wanaokula brochette tu, mishikaki ya mbuzi.

Mwezi wa kumi na nne Hugues alileta mashine. Hugues ni mwalimu wa fizikia, mwanachama mpya, kijana wa miaka arobaini anayependa ukweli kuliko amani. Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku kidogo: unalaza saa juu yake, inasikiliza mapigo, inakuambia kwa siku saa inakimbia au inachelewa kiasi gani. Wanachama walipanga foleni kama watoto wa chanjo. Saa ya mkono wa kushoto wa Hategekimana ilikutwa inakimbia sekunde arobaini. Mwenyekiti aliishusha mikono ya shati lake polepole, kama mtu aliyetajiwa presha yake mbele za watu, na ya mkono wa kulia hakuitoa.

Nsimire akaiweka yake.

"Inachelewa sekunde ine kwa siku," Hugues alisema. "Muzuri sana, Maman. Iko na afya. Iliguswa lini mara ya mwisho?"

"Haiguswake. Miezi kumi na ine sasa, tangu Papa afe."

Vénuste alianza kuichunguza brochette yake, nyama moja moja. Alimwona Hugues akichukua serviette ya karatasi. Alimwona akitoa kalamu. Mwalimu wa fizikia akishatoa kalamu hakuna wa kumzuia.

"Maman, hesabu inakataa," Hugues alisema mwishowe. "Kwa sekunde ine, hii saa ingekuwa nyuma dakika kumi na saba. Lakini iko mbele kumi na moja kamili. Donc kuko muntu anairudishaka."

Nsimire hakumtazama mtu, alitazama ziwa. Kama Vénuste angejulikana, mjane huyu angetambua kwamba yale majira aliyoyalinda kwa mkono wake, hata usingizini, hayakuwa ya mumewe tena. Na kile kigoda kingebaki kitupu kila Jumamosi.

"Ao mashine inadanganya," alisema Hategekimana.

Wengine waliipenda sana fikra hiyo, hasa wale waliokwisha kupimwa. Hugues alianza kueleza kwamba mashine haina sababu ya kudanganya, lakini mwenyekiti alisema Cercle ina utaratibu wake. Ikapigwa kura. Wanaoona mashine inadanganya wanyooshe mkono. Wa Hategekimana ulikuwa wa kwanza, na mingine miwili ikafuata. Ulibaki mkono mmoja tu ili mashine ipatikane na hatia. Wote wakamgeukia Vénuste, fundi, mtu wa kuaminiwa katika mambo haya.

Mkono ulikuwa mwepesi kuinua. Vénuste aliuangalia ukiwa juu ya meza, wenye mafuta ya mbuzi, mkono uleule ulioapa. Akasimama.

"Mashine iko sawa," alisema. "Ni mimi. Kila mwezi. Pardon, Maman."

Mikono mitatu ilishuka kwa zamu. Nsimire aliichukua saa kutoka kwenye kisanduku, akaivaa, akafunga mkanda.

"Najua," alisema.

Vénuste alibaki amesimama, maana hakujua kama kukaa kunaruhusiwa.

"Mwezi ya tatu uliweka kumi na tatu," Nsimire aliendelea, kwa sauti ileile ya kuuzia vitenge. "Ndiyo maana mwezi ya ine sikukuya. Nilingojea ishuke."

"Lakini Maman, uliniapisha nisiiguse."

"Na mimi Rutayisire aliniapisha, pale hospitali. Usiiguse. Usitume muntu aiguse. Na isichelewe. Bintu bitatu, akafunga macho. Sasa ningefanya namna gani?" Aliwatazama wote, kama kuna anayeweza kujibu. "Nilitafuta muntu mwenye alimupenda, nikamukataza. Sikukutuma, Papa Vénuste. Nilikukataza."

Hategekimana alisema Cercle imesikia. Hugues aliuliza aandike nini kwenye daftari, mahali pa saa ya marehemu. Mwenyekiti alifikiri, akamwambia aandike kwamba saa iko sawa, na kwamba mashine nayo iko sawa, isipokuwa kwa zile za mwenyekiti.

Vénuste akaketi. Moyoni alikuwa na furaha isiyo na aibu ndani yake, kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne.

Nsimire alikunja kitenge chake, akasimama, akapita nyuma ya kiti cha Vénuste.

"Ule mukanda haichafukake vile," alisema kwa sauti ya chini. "Jumapili ingine ukuye nyumbani, unywe chai. Saa kumi."

Vénuste alitaka kuuliza jambo la akili, akauliza lililokuja.

"Saa kumi ya bantu ao ya Rutayisire?"

Nsimire aliitazama saa mkononi mwake, kisha akamtazama yeye.

"Ni weye unaiwekaka," alisema.