Paswadi ya Tai wa Mashimoni

Huyu Baba Audrey niachieni nimseme mimi, kwa sababu kumpenda nampenda. Jina lake ni Omolo, jirani yangu, seremala hapa mtaani Mashimoni, mkono wake hauna mfano, lakini mdomo wake hauna kufuli. Na wenzetu Wajaluo wakiwa na sherehe wana ile desturi yao: unampa MC kitu kidogo, muziki unasimamishwa, unasimama unajisifu mpaka uridhike. Omolo hujisifu kwa maneno yale yale kila mara. "Mimi ni Tai wa Mashimoni! Nikiruka, kuku hukimbia!" Sasa niambie, mtu kama huyo paswadi yake itakuwa nini?

Ndiyo hiyo hiyo. Tai wa Mashimoni, bila hata namba moja nyuma. "Si ndio nisisahau, Mama Ryan," aliniambia.

Paswadi hiyo ilikuwa ya ukurasa wa mtandaoni wa marehemu mkewe, Filister, aliyekuwa akituongoza kwenye kwaya. Nyimbo zake ziko huko tu, kwingine hakuna. Omolo asiposikia sauti ya Filister asubuhi, hashiki randa.

Basi Jumamosi moja tukaenda Kawangware, kwa shemeji yake Osewe. Muziki ukasimamishwa, Tai akapaa. Watu wakashangilia, sifa zikampanda kichwani. "Hata simu yangu inanijua!" akapaza sauti. "Bila kuandika Tai wa Mashimoni, ukurasa wa Filister haufunguki!" Ala! Mtu mzima na ndevu zake!

Jumatatu Filister hakuwepo. Picha yake imetolewa, nyimbo hazionekani, na mahali pake kuna jamaa anauza pete za kuleta utajiri. Omolo alinifuata kibandani kwangu mtaa wa jirani, Silanga, akaketi juu ya gunia la makaa bila kujali suruali. "Mama Ryan, ni kama nimemzika mara ya pili," akasema. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumchamba, lakini nikafunga kibanda tu.

Nikampeleka kwa binamu yangu Kimanzi, mwenye cyber, duka la kompyuta na mtandao, huko huko Kawangware. Kompyuta zake ni kuukuu, zinawaka kwa kubembelezwa. Kila siku zinaomba update, naye kila siku anaziambia kesho. Lakini kusema anajua. "Mzee, hata simu yako imezeeka, haipokei update tena," akamwambia Omolo. "Ila mwizi hakuhitaji hayo yote. Mlango ulimfungulia mwenyewe."

Njia ilibaki moja. Filister alikuwa amefungua ukurasa kwa laini yake ya simu, na mwizi hakuwa ameiondoa. Code, yaani namba za siri za kurudi ndani, ingetumwa kwa laini hiyo. "Shida ni kwamba laini ya marehemu isipotumika hupewa mtu mwingine," Kimanzi akasema.

Omolo akaingiza mkono mfukoni, akatoa kabambe ya marehemu, kile kisimu cha zamani cha vibonyezo, kimefungwa kwa raba. "Hii inatumika," akasema polepole. "Naiwekea kredo, na jioni naipigia. Nataka tu kusikia ikilia ndani ya nyumba."

Kimanzi akageukia kompyuta, akaomba code. Kisha kabambe ikatetemeka, code ikaingia, na Filister akarudi na nyimbo zake zote. Zilikuwa zimefichwa tu. Omolo alilia. Mimi pia, usiniulize.

"Weka paswadi mpya, ambayo hakuna mtu anaijua," Kimanzi akamwonya. Omolo akatugeuzia mgongo, akaandika kwa kidole kimoja huku akitabasamu.

Mwezi uliofuata Osewe akatualika tena. Omolo akampa MC chake, muziki ukasimama. "Mimi si Tai tena!" akaanza, kifua mbele. "Nina jina tamu kushinda hilo! Filister alikuwa akiniita tukiwa wawili tu, tena ndilo nimeweka kwa ile pas..."

Nikamkanyaga mguu kwa kisigino, kwa nguvu zangu zote.

"Tutajie! Tutajie!" watu wakapiga kelele. Omolo akaniangalia, macho yamejaa machozi, sijui ni ya mguu au ya Filister.

"Hapana," akasema. "Hilo ni lake." Akaketi, na MC akakataa kumrudishia pesa yake.